Miguu ya Wifi

Goti halina adabu. Jino likiuma linang'olewa, jicho likiuma linafungwa, lakini goti likiuma kila mpita njia anageuka daktari. Fundi aliambiwa apake mafuta ya moto, akapaka. Aliambiwa aache chumvi, kisha akaambiwa aloweke miguu kwenye maji ya chumvi. Mmoja alimsihi atembee sana, mwingine akamwapia kwamba kutembea ndiko kutakakomzika. Mwenye duka la jirani, mtu mwema lakini mwenye elimu ya kuokotaokota, alimshauri alale na vitunguu vilivyokatwakatwa, vifungwe gotini kwa soksi. Akalala navyo. Asubuhi goti lilikuwa lilelile, ila sasa lilinuka.

Daktari wa kweli, aliyefikiwa mwisho kabisa kama ilivyo kawaida yetu, hakuwa na maneno mengi. Aliinua picha ya mifupa kwenye mwanga, akamwonyesha mahali gegedu lilipolika, akasema mifupa sasa inasagana yenyewe kwa yenyewe, goti la kulia na la kushoto pia.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Mimi fundi cherehani."

"Ya umeme au ya kukanyaga?"

"Ya kukanyaga. Miaka yote."

"Basi acha kukanyaga."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayemwomba mtu asogee kidogo kwenye benchi. Fundi alirudi nyumbani, akaifunika cherehani kwa shuka, akakaa kitandani akalia mpaka kwikwi ikamshika. Mume alikwisha kufa, watoto walikwisha kutawanyika kila mmoja na maisha yake, na mtaa mzima hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Alikuwa Fundi. Ukimwondolea cherehani anabaki mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, na wa namna hiyo hawaadimiki duniani.

Mwanawe mmoja alimtumia mota ya kufunga kwenye cherehani, iende kwa umeme. Ilikwenda, tena ilikimbia kama mwizi aliyeonwa. Siku ya kwanza ilishona kola ya shati, siku ya pili ikamshona kidole. Fundi akaifungua, akaitupa uvunguni, na shuka likarudi juu ya cherehani.

Hapo ndipo Wifi alipokuja.

Wifi alikuwa dada wa marehemu mume wake, dada mmoja tu, wa kudekezwa, na tangu siku Fundi alipoolewa hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Wifi alisema bibi harusi ana mdomo. Bibi harusi akasema Wifi ana masikio marefu. Walisusiana, wakasengenyana, wakasaidiana misiba kwa sura zilizonuna, wakazeeka hivyohivyo. Waliitana "Wifi" kwa sauti kubwa kiasi kwamba mtaa ulidhani ndilo jina la yule dada, na hata watu wasio na undugu naye hata wa kuchanjia walimwita Wifi. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali maisha yake yote, amesimama juu ya sakafu ya saruji iliyolowa, na alipostaafu macho nayo yakastaafu. Mtoto wa jicho, huku na huku. Aliona mwanga na kivuli, basi.

Aliingia bila hodi, akapapasa mpaka akaligusa lile shuka.

"Nimesikia cherehani imepewa likizo," akasema.

"Umekuja kunicheka?"

"Nitacheka baadaye. Sogea." Akaketi kwenye benchi, akavua viatu, akaweka miguu juu ya kanyagio. "Mimi macho yamekwisha, wewe miguu imekwisha. Tukiunganisha vipande tutapata mtu mmoja mzima, japo mbaya wa sura."

"Sura itakuwa imetoka kwako."

"Twende, basi, kabla sijabadili nia."

Ndivyo walivyoanza. Waliketi bega kwa bega kwenye benchi moja, Wifi upande wa kulia, miguu kwenye kanyagio na mkono kwenye gurudumu. Fundi alikaa kushoto, mbele ya sindano, miguu yake miwili ameinyoosha pembeni juu ya gunia la vipande. Fundi akisema "twende," gurudumu linazunguka. Akisema "basi," linasimama. Wiki za kwanza zilikuwa vita. Wifi alikanyaga kinyume, uzi ukakatika, wakatukanana hadi wateja wakaogopa kuingia. Baadaye maneno yakapungua. Baadaye zaidi yakaisha kabisa: Fundi alikuwa akivuta pumzi tu, na Wifi akajua ni kona, akapunguza; akishusha pumzi, Wifi akajua ni mshono mrefu, akakaza mwendo. Fundi akamsimulia vitambaa, kwamba hiki ni kijani cha jani changa, hiki ni chekundu cha kuudhi. Wifi akasimulia mengine yote yaliyobaki duniani, maana mdomo wake haukuhitaji macho. Wawili waliochukiana ujana mzima walijikuta, uzeeni, hawawezi kunywa chai mpaka mwenzake awepo.

Watu wakauliza kama wamepatana. "Hatujapatana," Fundi alijibu. "Nimemkodi miguu."

Wifi alikuja kila siku mapema mno. Fundi akifungua mlango humkuta Wifi amekwisha kuketi kibarazani, mgongo ukutani, akimwambia amelala kama pono. Jioni alikuwa wa mwisho kuondoka, eti anapunga upepo. Fundi alidhani ni umbea, kwamba anataka kujua nani katoka kwa nani asubuhi na nani kaingia kwa nani jioni. Na kwa kuwa mwenye miguu ndiye wa kutembea, Fundi hakuwahi tena kwenda kwa Wifi, aliyekaa na binti yake kwenye nyumba ya ghorofa mtaa wa nyuma. Hapo pana mwendo mdogo tu, lakini kwa Fundi ilikuwa safari ya kuiwaza.

Kulikuwa na jambo moja, na kwa fundi lilikuwa jambo la kuona haraka. Magauni ya Wifi yalikuwa yakilika nyuma, pale mtu anapokalia. Hayakuchakaa kwa kufuliwa, yalilika kama yaliyopigwa msasa. Fundi alijua kusoma nguo: alijua karani yupi anaegemea kiwiko gani, na mama yupi anabebea mtoto ubavu upi. Basi akalikagua benchi. Akakuta kichwa cha msumari, akakigongelea ndani. Akalisugua lile benchi mpaka likang'aa, akashona mto wa pamba nene, akauweka upande wa Wifi. Magauni yakaendelea kulika. Akatia viraka, akatia viraka juu ya viraka.

"Una makalio ya tupa," akamwambia.

"Ndiyo uzuri wenyewe," Wifi akajibu, akacheka kuliko mzaha ulivyostahili.

Fundi naye akacheka, akang'ata uzi. Hakuuliza zaidi. Tatizo la nguo alilitafuta kwenye benchi, kwa kuwa benchi ndilo alilolijua.

Kisha likaja gauni la bibi harusi. Lilikuwa la satini nyeupe, na satini haina huruma. Ukiichoma sindano imechomwa, tundu halifutiki. Mbele kulikuwa na mshono mmoja kutoka kifuani hadi chini, wa kushonwa bila kusimama, maana pale utakaposimama patavuta na kila mtu ukumbini atapaona. Fundi alimweleza Wifi asubuhi, akamweleza tena mchana. Wakavuta pumzi pamoja wakaanza. Mshono ulikwenda vizuri, umenyooka, unateleza kama maji, na walipofika mapajani gurudumu likakwama. Likasogea nusu, likarudi nyuma, uzi ukakunjamana chini, satini ikajivuta ikafanya kidonda.

"Endelea!" Fundi akapiga kelele.

Wifi hakuendelea. Alikuwa ameshika ukingo wa cherehani kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani.

"Nimekwambia usisimame! Jambo moja tu nililokuomba!"

"Uzi umekwama," Wifi akasema.

"Uzi haujakwama! Wewe ndiye umekwama. Mtu mzima na miguu yake mizima, kazi ya kukanyaga tu inamshinda. Miguu yenyewe unaitumia kubebea makalio, basi!"

Hasira hasara, na maji yakimwagika hayazoleki. Fundi alilijutia lile neno lilipokuwa bado linatoka, lakini mdomo ulikwisha kutangulia. Wifi akapapasa viatu vyake, akavivaa taratibu sana, akashika ukuta, akatoka. Fundi hakumtazama anavyotembea. Alikuwa ameinamia satini, anafumua.

Kesho yake hakuja. Fundi akasema, amenuna. Siku iliyofuata akasema, ananuna kwa mkataba. Gauni la watu akampa mwenye duka, kwa aibu, alipeleke kwa fundi mwingine, yeye akakaa upande wake wa benchi, miguu juu ya gunia, akitazama mlango. Walikwisha kususiana mara ngapi? Daima Wifi ndiye aliyerudi, na kejeli mpya mkononi. Arudi basi. Asubuhi Fundi alifungua mlango polepole ili asionekane anamtafuta, na kibaraza kilikuwa kitupu. Juma likaisha, na lingine. Usiku, goti lilipomwamsha, alijisemea kwamba angekuwa na miguu angekwenda mwenyewe. Lakini mwenye miguu ni yule, na mwenye miguu ndiye wa kutembea.

Moyoni alijua anataka kitu kimoja tu: Wifi aketi pale, bega liguse bega, hata kama hawatashona chochote.

Aliyekuja ni binti ya Wifi. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa kazini, akaamkia, akakataa kuketi.

"Mama Fundi, mama anaomba ule mto wa benchi. Kama huna kazi nao."

Fundi akautazama mto pale benchini. Mto! Hakutuma salamu, ametuma achukuliwe mto.

"Mwambie aje auchukue mwenyewe," akasema. "Miguu anayo."

Binti akamtazama kama hakusikia vizuri.

"Miguu gani, Mama Fundi?"

"Unasemaje?"

"Miguu ipi anayo mama? Hata wewe hujui? Mama magoti yake yamekufa kabla ya yako."

Akaeleza palepale mlangoni, machozi yanamtoka. Walikaa ghorofa ya tatu. Wifi hakuweza kushuka ngazi kwa miguu tangu zamani, tangu kabla hajaja kukalia lile benchi. Alishuka kwa kukaa. Aliketi kwenye ngazi ya juu, akajisukuma hadi inayofuata, na inayofuata, alfajiri, kabla majirani hawajafungua milango, asije akaonekana. Jioni alipanda kwa namna hiyohiyo, kinyumenyume, akijivuta kwa mikono. Sakafu tambarare aliimudu kwa kushika kuta. Hospitali walikwisha kumtoa maji magotini, wakamkataza kabisa ngazi, wakamkataza na cherehani.

"Kwa nini hamkuniambia?" Fundi akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Aliniapisha. Alisema ukijua utamfukuza, na akibaki ndani atakufa." Binti akajifuta uso. "Siku ile alianza kupanda mchana, nimerudi kazini magharibi namkuta bado yuko katikati. Goti lilijifunga. Tangu hapo hajashuka. Anakaa chini mlangoni kutwa, ndiyo maana anataka mto."

Fundi akautoa ule mto, akampa. Alimwambia mwanamke yule kwamba miguu yake inabeba makalio, kumbe makalio ndiyo yaliyokuwa yakibeba miguu, kila alfajiri, ngazi kwa ngazi, yakisagika juu ya saruji ili Fundi abaki Fundi. Na yeye alikuwa anaziba matundu kwa viraka na kucheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Aliingia ndani, akaketi upande wa Wifi wa benchi, akajaribu kuweka miguu yake kwenye kanyagio, akakanyaga mara moja. Maumivu yalimpanda hadi kwenye meno. Akajua mwenzake aliyavuka haya kwa kila pindo, kwa kila rinda la sare za shule, huku akipiga porojo.

Kulikuwa na simu, ndiyo. Lakini simu ni ya watu wenye habari, na wao hawakuwa na habari za kupeana. Walikuwa na benchi. Asubuhi akapiga moyo konde, akamwita mwenye duka.

"Nipeleke kwa Wifi."

"Kwa miguu?"

"Ningekuwa na miguu ningekuita wewe?"

Pikipiki haikufaa, goti halikunjiki. Mwenye duka akaleta mkokoteni wake wa kubebea magunia, akatandika maboksi, akampakia Fundi amenyoosha miguu mbele. Watu mtaani walicheka na kumpungia, na mmoja akauliza bei kwa kilo. Siku nyingine angemjibu akajibika. Siku hiyo alishikilia fimbo yake na kutazama mbele.

Ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba, za saruji isiyopigwa plasta, zinapinda kila baada ya hatua chache. Mwenye duka akaomba kiti na mtu wa kusaidiana naye, wakamnyanyua Fundi wakaanza kupanda. Kwenye kona ya kwanza miguu yake iliyonyooka ikagota ukuta. Wakajaribu kumgeuza. Goti likapinda kidogo tu, na Fundi akalia kwa sauti ambayo ilitoa watu vyumbani. Wakamrudisha chini, wakamkalisha kwenye ngazi ya kwanza. Mwenye duka akatoka nje kumsubiri, anajifuta jasho na hawezi kumtazama.

Fundi akainua uso. Juu hakuonekana kitu ila upande wa chini wa ngazi nyingine.

"Wifi!" akaita.

Kutoka juu, mbali, ikaja sauti: "Nani huyo anayepigia kelele nyumba za watu?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

"Mimi mwenye mdomo mchafu."

"Aa. Huyo namfahamu."

Fundi akashika ukuta. "Nisamehe, Wifi."

"Kwa lipi?"

"Unajua."

"Sema. Macho sina, masikio ninayo."

"Kwa lile neno la makalio."

Kicheko kikashuka ngazi zote zile, kilekile cha siku zote, kikaishia kwenye kikohozi. "Mbona ni kweli? Hayo ndiyo yaliyobaki."

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi sasa alikuwa akilia waziwazi. "Ningejua nisingekukanyagisha hata siku moja."

"Ndiyo hiyo sababu." Sauti ya Wifi ilishuka, ikabidi Fundi azuie pumzi aisikie. "Huku juu mimi ni mgonjwa, Wifi. Nalishwa, naoshwa, naulizwa kama nimelala. Kule kwako nilikuwa miguu."

Mtu mmoja akapita katikati na ndoo yake, akasema samahani, akaenda zake. Wakangoja apite.

"Umeshiba lakini? Umenenepa?" Wifi akauliza.

"Nimekonda."

"Muongo. Ngoja hapo, nakuja nikuguse mwenyewe."

"Usije!"

"Nakuja. Siku nyingi sijakushika hilo bega lako gumu."

"Wifi, usije, nakuomba! Umekatazwa!"

Lakini kuna nani aliyewahi kumkataza Wifi? Fundi akasikia kitambaa kinakwaruza saruji. Halafu kishindo kidogo. Halafu pumzi iliyokatwa na meno, sauti ambayo mtu huitoa anapodhani hasikiki. Kimya cha kukusanya nguvu. Tena kitambaa kikakwaruza.

"Rudi juu!"

"Sirudi. Nimeshafika ya pili."

Akasikia ya tatu, na safari hii Wifi hakuweza kuifungia sauti ndani; ikamtoka kama ya mtoto. Binti alikuwa kazini. Ghorofa tatu zile, na goti lile, na macho yale. Angeshuka yote, Fundi alimjua, angeshuka hata kama ingechukua kutwa, na kupanda tena asingeweza. Kusihi hakukuwa na maana. Mtu kama Wifi hazuiliki akiwa na pa kwenda.

"Basi mimi naondoka!" Fundi akapaza sauti. "Mkokoteni unanisubiri!"

"Ngoja wewe!"

Fundi hakuondoka. Alibaki ameketi palepale, akaigonga fimbo yake sakafuni kwa nguvu, akaigonga tena kwa nguvu kidogo kuliko mwanzo, na tena, taratibu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayekwenda mbali. Kisha akaiacha. Akajiziba mdomo kwa mtandio.

Juu kule kitambaa kikaacha kukwaruza.

"Wifi?"

Fundi akauma mtandio.

"Wifi, upo?"

Alikuwepo, karibu kiasi cha kusikia anavyohema.

"Ameondoka kweli," Wifi akasema, na hakuwa anamwambia mtu. Akakaa. Kilichofuata hakikuwa kicheko, na katika miaka yote ya kususiana na kusengenyana Fundi hakuwahi kukisikia kwake. Kiliendelea muda mrefu. Kisha kitambaa kikaanza kukwaruza tena, kinyumenyume, kikipanda.

Fundi alingoja mpaka mlango wa juu ulipofungwa. Ndipo akamwita mwenye duka aje amnyanyue.